Namba ya Duka

Simu ililia saa nne asubuhi, mkono wangu mmoja u kwenye mizani,
vitunguu kilo na nusu.
"Hili ndilo duka la Mtende?"
Nikadhani mteja, anataka gesi, anataka maji.
"Ndilo. Karibu."
"Nimeisoma namba yako," akasema,
"ndani ya ngamia wangu."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Kutoka Ibra hadi zizini kwa Msellem bin Hilal ni nusu saa,
lami kwanza, kisha changarawe,
kisha migunga yenye majani ya rangi nyingi,
meupe, ya buluu, meusi, yanapepea wala hayanyauki.
Nilipokaribia ndipo nikaona si majani.

Wadha alikuwa amelala ubavu,
nundu imelegea kama hema lililong'olewa nguzo.
Mwezi mzima alikataa kula, alisema mwenyewe,
tumbo limejaa na mwili unakonda.
Daktari wa mifugo, kijana tu, damu hadi viwikoni,
alikuwa ametoa donge
kubwa kama mtungi wa gesi, gumu, la kijivu,
akalipasua kwa msumeno.
Kamba. Glavu. Pakiti za chipsi.
Mifuko ndani ya mifuko ndani ya mifuko
kama kitunguu,
na katikati, buluu yake haijapauka,
mtende mwekundu, jina la duka langu
na tarakimu nane.
Wino mzuri ule. Niliulipia zaidi ili usifutike.

Msellem hakunipigia kelele. Afadhali angepiga.
Alinimiminia kahawa, akanisogezea tende,
akausuuza mfuko wangu, akaukunja mara nne, kwa adabu,
kama anayerudisha leso iliyosahauliwa harusini.

Kikulacho ki nguoni mwako, tuliambiwa.
Chake yeye kilitoka mkononi mwangu,
mimi niliyetia mkate mmoja katika mifuko miwili,
usije ukapasuka, mwanangu,
chukua na mwingine, bure.

Usiku nikamweleza mama.
Mama alizaliwa Wete, hadi leo anaota kwa Kiswahili.
Alisema: Wa kwanza tuliupata
mwaka ule kaka yangu aliporudi kutoka Dubai.
Tuliufua kwa sabuni, tukauanika kambani
kwa vibanio, kati ya kanga mbili.
Jirani alikuja kuuazima aende nao mjini.
Ulikaa nasi miaka mitatu.
"Haukuwa taka," alisema. "Nyinyi ndio mmeufanya taka."
Nikanyamaza.
Halafu akaomba maji, nikampa chupa,
tukaitazama sote wawili.

Sasa nimebandika karatasi mlangoni: Njoo na chako.
Shaji, anayenishikia hesabu, anasema wateja wanahamia duka la ng'ambo.
Ni kweli. Bi Thuraya alibeba viazi ndani ya buibui
huku akinilaani kwa Kiarabu safi,
kesho yake akaja na ndoo.
Ya plastiki, ndiyo, lakini ya mwaka juzi. Tukacheka.
Mtoto wa Rayya huja na foronya ya mto,
mchele unatoka umelala vizuri kuliko sisi.
Wengine hawakurudi.

Na stoo bado nina maboksi kumi na moja.
Mipya, inanuka mafuta, sijui ni elfu ngapi.
Nikiigawa, ni yale yale. Nikiichoma, tutaivuta puani.
Nikiizika, jangwa halina siri, upepo mmoja tu.
Nimeirundika juu, nimeifunga kamba,
nauza chumvi na majani ya chai chini yake
kama mtu anayefuga nyoka darini.

Namba sijaibadilisha.
Iko mifuko yangu huko nje, na wino ni mzuri.
Simu ikiita, namba nisiyoijua,
nafuta mikono kwanza,
nasema bismillahi,
napokea.